Fulana ya sufu ya shilingi 6,000 katika baridi ya Kemi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikimbia alfajiri kutoka Chumbageni hadi Raskazone nikiwa na bukta na fulana ya pamba, na hata wakati wa kipupwe sikuwahi kuona haja ya kuongeza kitu. Nilipopata nafasi ya kukaa miezi mitatu Kemi, mji wa kaskazini mwa Ufini wenye udugu na Jiji letu la Tanga, nilitumia karibu fedha zangu zote kununua jaketi nene lisilopitisha maji. Fulana ya mikono mirefu ya sufu ya merino (aina ya kondoo) niliiokota tu kwenye mitumba kwa shilingi 6,000, ikiwa na tundu dogo la nondo kwenye kiwiko.

Mara ya kwanza kukimbia kule ilikuwa mwezi Desemba, saa tatu asubuhi, giza likiwa bado limetanda na kipimajoto kikionyesha nyuzi 12 chini ya sifuri. Nilivaa fulana yangu ya pamba, nikalifunga jaketi hadi kidevuni, na kwa dakika kumi nilijiona nimepatia. Kufika kilomita ya tatu nilikuwa nimelowa jasho mgongoni. Niliposimama kusubiri magari yapite, baridi ilinikamata kiunoni kwa namna ambayo sikuwahi kuijua, na niliporudi ndani niliikuta kola ya fulana imekauka kwa barafu, ngumu kama shati lililotiwa wanga. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na maji huuondolea mwili joto kwa kasi kubwa kuliko hewa; nalo jaketi lile, kwa kuwa halipitishi maji, liliufungia mvuke wote ndani.

Siku iliyofuata nilivaa fulana ya sufu ikiwa imegusa ngozi, juu yake koti jepesi la kukinga upepo, basi. Mwenyeji wangu alikuwa amenieleza kwamba mkimbiaji huvaa kana kwamba kuna joto la nyuzi kumi zaidi ya lililopo, na kwamba nikitoka mlangoni bila kuhisi baridi, nimezidisha nguo. Nilitetemeka kwa dakika tano za mwanzo, kisha mwili ukapata moto wake na ukabaki nao hadi mwisho. Nilitoka jasho kama jana, lakini fulana haikuning'ang'ania, kwa sababu sufu huweza kunyonya unyevu mwingi ndani ya nyuzi zake huku ikiendelea kuhifadhi joto. Nilidhani ingeniwasha shingoni kama sweta za shule; haikuwasha hata kidogo, kwani nyuzi za merino ni nyembamba sana.

Isitafsiriwe kwamba fulana pekee inatosha. Vidole viliniuma vibaya hadi nilipoacha glavu za kawaida na kuvaa zile zinazoviweka vidole vinne pamoja, ambavyo hupashana joto. Kofia ya kufunika masikio ni ya lazima, na kwenye barafu nilihitaji viatu vyenye njumu ndogo za chuma.

Kasoro za fulana ya sufu ninazitaja wazi. Hukauka polepole kuliko poliesta, haitaki maji ya moto kwa sababu hurudi, na ukiianika kwenye kamba ikiwa imelowa huvutika mikono. Mimi huilaza juu ya taulo. Hata hivyo niliivaa mara tatu au nne kabla ya kuifua, nayo haikutoa harufu.

Julai mwaka huu nilikwenda nayo Lushoto, ambako asubuhi huwa na ukungu na baridi ya kweli, nikakimbia kuelekea Irente bila koti lolote juu yake. Lile tundu la kiwiko nililishona kwa uzi mweusi kabla ya safari ya Ufini, na hadi leo halijaongezeka.