Tuz Gölü, Uturuki: nenda, ila chagua mwezi

Ziwa hili la chumvi liko kwenye nyika ya Anatolia ya kati, mita 905 juu ya usawa wa bahari. Mahali rahisi pa kushukia ni karibu na Şereflikoçhisar, kando ya barabara kuu ya Ankara–Aksaray. Halina mto wa kutoa maji, hivyo yanayoingia huondoka kwa mvuke tu na chumvi ikabaki.

Aprili utakuta maji ya kina kifupi; Agosti utatembea juu ya ganda jeupe, na vidimbwi vilivyosalia huwa vyekundu kwa sababu ya mwani. Vaa kandambili ngumu: kingo za ganda hukata ngozi, na chumvi ikiingia kidondani inauma kweli. Beba maji baridi ya kusuuza miguu. Gari usiliingize kamwe, chini kuna tope.

Heroe huzaliana hapa, mbali na ufuko. Darubini ni lazima. Mwaka 2021 ukame uliua makinda kwa wingi, huku mashamba ya jirani yakinyonya maji ya ardhini. Inaumiza sana. Usiwasogelee.

Mandhari: nyota tano. Kivuli: hakuna kabisa.