Shampeni ya mkulima: geuza chupa kwanza

Mwaka jana nilibeba chupa ya shampeni kutoka Paris hadi Morogoro, nimeiviringisha kwa kanga mbili ndani ya sanduku, kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. MC akahesabu moja, mbili, tatu, ukumbi umesimama, vigelegele vimeshaanza. Kizibo kikatoka "fss", kama soda iliyolala wazi. Shangazi akaninong'oneza: "Mwanangu, hii umeinunua mtumba?"

Na sikununua ovyo. Ilikuwa ya mkulima kweli: chini kabisa ya lebo, kwa herufi za kutafutwa na tochi, iliandikwa RM, yaani récoltant-manipulant, anayelima zabibu zake na kutengeneza mvinyo mwenyewe. NM ni kampuni inayonunua zabibu kwa wengine. Kilichoniponza ni tarehe ya dégorgement, yaani siku chupa ilipotolewa mashapo, ambayo sikuitazama.

Mambo ya sukari, glasi na chakula gani mtayasoma kwingine. Mimi nina hili moja: geuza chupa, utafute tarehe hiyo.

Shampeni huchachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, na hamira iliyokufa hubaki humo kama mashapo. Mashapo hayo ndiyo mlinzi wake. Yakiwemo, inaweza kulala pishini miaka na miaka bila kuchoka. Siku mkulima anapoyatoa na kuifunga kwa kizibo cha mwisho, umri unaanza kuhesabiwa. Hiyo ndiyo dégorgement. Sasa, shampeni nyingi hazina mwaka kwenye lebo, kwa hiyo chupa mbili pacha zinaweza kuwa zimepishana miaka mitano: moja imetoka pishini juzi, nyingine imesimama dukani dirishani, jua na taa vinaipiga.

Kizibo husema ukweli, ila ukiwa umeshalipa. Kipya hutanuka upande wa chini kama sketi. Changu kilitoka kimenyooka kama kigingi.

Kati ya wakulima, namba moja kwangu ni Egly-Ouriet wa kijiji cha Ambonnay, na sioni haya kumpendelea. Nyuma ya chupa anakuandikia lini mashapo yalitolewa na miezi mingapi mvinyo ulilala nayo. Sheria inataka miezi 15 tu chupani kwa shampeni isiyo na mwaka. Za kwake nyingi hulala miaka mitatu, minne. Zabibu ya Pinot Noir ndiyo inayotawala, na ladha bado ipo mdomoni wakati unaosha vyombo. Bei sasa ndiyo balaa. Nilipoanza kuinunua ilikuwa ya sikukuu, leo ni ya kuchangishana, maana kila mkono unaoipitisha unaongeza chake.

Namba mbili ni Larmandier-Bernier wa Vertus, kwenye Côte des Blancs. Sukari kidogo sana, tarehe ipo. Shampeni yao iitwayo Longitude, ya zabibu za Chardonnay tupu, ndiyo ningebeba Morogoro ningepewa nafasi ya pili.

Tatu, tunatoka eneo la Champagne kabisa: Huet wa Vouvray, bonde la Loire. Zabibu ni Chenin, povu lake ni la upole, na chupa ina mwaka wa mavuno, kwa hiyo hata bila tarehe ile unajua umri wa unachonunua.

Crémant, mvinyo wa povu wa nje ya Champagne, ya Alsace au Limoux utaipata chini ya euro 15. Kwa wageni wengi inatosha, basi.

Wanaonichosha ni wauzaji. Mkulima anahangaika kuandika tarehe, wao wanabandika bei juu yake! Nimewahi kukwangua kibandiko kwa ukucha dukani huku mlinzi ananitazama. Wa mtandaoni ndio kabisa, picha ya mbele tu. Ukiomba ya nyuma, kimya. Mwaka 1911 wakulima wa Champagne walichoma maghala ya wafanyabiashara pale Aÿ kwa hasira ya zabibu zilizoletwa kutoka nje ya eneo lao. Mimi sijafika huko, ila nawaelewa.

Yule aliyeniuzia nilimrudia na kizibo mkononi. Akanijibu kwa upole kwamba shampeni haiozi, Madame. Kizibo ninacho hadi leo, nimekipachika kwenye dirisha la jikoni lisigongegonge upepo ukivuma. Kimeenea sawasawa.