Stopuwochi ya shilingi 35,000: tathmini ya mwalimu wa riadha baada ya miezi minane, Mtwara

Kwa miaka mitatu nilipima muda wa wanafunzi wangu kwa simu. Yeyote aliyewahi kusimamia riadha ya shule akiwa na simu ya kioo anaijua adha yake: kidole chenye jasho kinateleza, kioo hakikupi ishara yoyote kwamba umebonyeza, na macho yanalazimika kutazama chini wakati ule ule yanapotakiwa kuutazama mstari wa kumalizia. Siku moja binti yetu mmoja alikuwa anaingia mita 100 za mwisho za mbio za mita 800 simu ilipoita, na skrini yote ikafunikwa na jina la mzazi aliyetaka kuuliza habari za michango. Muda wa yule binti ukapotea, na hapakuwa na namna ya kumwambia arudie.

Ndipo mwezi Oktoba nilipokwenda katika duka moja la vifaa vya umeme na michezo karibu na soko, hapa Mtwara mjini, nikanunua stopuwochi ya kidijitali kwa shilingi 35,000. Bei ya kwanza niliyotajiwa ilikuwa 45,000. Muuzaji, kijana mchangamfu, aliniwekea mkononi na kusema, “Mwalimu, hii ndiyo ya UMISSETA yenyewe.” Ni maneno ya dukani, lakini katika mji uliopokea mashindano hayo ya shule za sekondari kitaifa mwaka 2019 na tena mwaka 2021 simlaumu mtu kwa kulitumia jina hilo kuuzia bidhaa. Saa yenyewe haina jina la kampuni linaloeleweka. Nyuma imeandikwa tu kwamba imetengenezwa China.

Umbo lake ni zuri. Ni plastiki nyeusi yenye ukingo wa njano, inajaa kiganjani bila kukibana, na ina vitufe vitatu: cha kulia cha kuanzisha na kusimamisha, cha kushoto cha kuchukua muda wa mzunguko na kufuta, na cha katikati cha kubadilisha kazi. Vitufe ni vigumu kiasi cha kutosha, ukibonyeza unakisikia kidoleni hata kama kelele za mashangilio zimeumeza mlio wake. Kioo kina mistari mitatu, mmoja wa mzunguko uliokwisha, mmoja wa muda wa jumla hadi mzunguko huo, na mmoja unaoendelea kukimbia. Kumbukumbu yake inahifadhi nyakati 60. Karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa herufi ndogo mno, na nilifahamu matumizi yake kwa kubahatisha kuliko kwa kusoma.

Suala la kwanza linaloulizwa kuhusu saa ya riadha ni usahihi, na hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Mtambo wa ndani hauna shida, kwani saa za aina hii hupotea sekunde chache tu kwa mwezi, jambo lisiloonekana katika mbio zinazokwisha kwa dakika tano. Shida ni kwamba inaonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, nasi tunazichukua zote mbili kama kweli. Kanuni za kimataifa za riadha haziruhusu hivyo. Muda uliochukuliwa kwa mkono katika mbio za uwanjani husogezwa juu hadi sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo 12.41 huandikwa 12.5 na wala si 12.4. Mpima muda huangalia kiwiliwili kikigusa usawa wa mstari, si kichwa, mkono wala mguu. Wapima muda wakiwa watatu, muda wa katikati ndio rasmi. Ikiwa wawili kati yao wamekubaliana, wao ndio wanaofuatwa. Na zikiwepo saa mbili tu, huchukuliwa ule muda mrefu zaidi.

Niliazima saa mbili kutoka kwa walimu wa shule za jirani ili nione hali ilivyo. Kijana wetu mmoja wa kidato cha tatu alikimbia mita 100, na saa tatu zikasoma 12.31, 12.47 na 12.58. Mbio ni moja, mkimbiaji ni mmoja, na tofauti kati ya saa ya kwanza na ya mwisho inazidi robo ya sekunde. Kwa kanuni ile nyakati hizo zikawa 12.4, 12.5 na 12.6, na muda wake ukawa 12.5. Ukitaka kumlinganisha na wanaopimwa kwa kamera, desturi inayotumika sana ni kuongeza sekunde 0.24 katika mita 100 na 200, na 0.14 katika mita 400. Hapo kijana wetu anakuwa wa 12.74. Alipoambiwa hakufurahi, maana alikwisha kuwatangazia wenzake bwenini kwamba yeye ni wa 12.3.

Kosa letu kubwa zaidi lilikuwa la kuanzisha saa kwa sikio. Hatuna bastola, tunagonga mbao mbili. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mpima muda aliyesimama mwisho wa mita 100 anausikia mgongano wa mbao takriban sekunde 0.3 baada ya mkimbiaji kuondoka, na mwanafunzi anazawadiwa karibu theluthi ya sekunde ambayo hakuikimbia. Sasa mwanzishaji huzinyanyua mbao juu ya kichwa, nasi tunabonyeza tunapoziona zikikutana. Ndiyo sababu katika mashindano makubwa wapima muda hutazama moshi au mwanga wa bastola badala ya kungoja mlio. Kwa upande wa upepo hatuna chombo cha kupimia, na kusi ya katikati ya mwaka inapovuma kuufuata mkondo wa mbio inaweza kumfanya kila mtu bingwa. Rekodi za mita 100 na 200 hazikubaliwi upepo wa nyuma ukizidi mita 2.0 kwa sekunde. Tumefunga kipande cha khanga kwenye mti mrefu pembeni mwa kiwanja. Kikinyooka kabisa kuelekea mstari wa kumalizia, nyakati za siku hiyo haziingii daftarini.

Mahali ambapo saa hii imenilipa kila shilingi yangu ni mbio za mizunguko. Kiwanja chetu hakitoshi kwa duara la mita 400, hivyo tumechora la mita 300 kwa chokaa, na mita 1,500 zinakuwa mizunguko mitano kamili. (Anayechora duara kama hilo akumbuke kwamba pasipo na ukingo ulioinuliwa umbali hupimwa sentimita 20 nje ya mstari wa ndani, na penye ukingo sentimita 30. Ukipima juu ya mstari wenyewe, mkimbiaji wako anazidishiwa zaidi ya mita moja kila mzunguko, na kufikia mwisho wa mita 1,500 amepoteza zaidi ya sekunde moja bila kosa lake.) Mwezi Februari kijana wetu bora alikimbia kwa dakika 4:36. Kwa simu ningeandika 4:36 na kumwambia aongeze bidii. Saa ilinipa mizunguko yake yote mitano: 49, 54, 57, 60 na 56. Bidii haikuwa imepungua hata kidogo. Alikuwa ameimaliza yote katika mzunguko wa kwanza, mbele ya darasa zima lililokuwa likimshangilia.

Nilimwonyesha hesabu moja. Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi aliposhinda mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974 na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2, akiongoza tangu mwanzo, wastani wake ulikuwa kama sekunde 42.4 kwa kila mita 300. Kijana akakaa kimya, kisha akauliza, “Kwa hiyo mwalimu, 49 yangu ya kwanza ilikuwa bado iko nyuma ya Bayi?” Ilikuwa nyuma kwa zaidi ya sekunde sita, naye hata hivyo ilikuwa imemchosha. Tulikubaliana aanze kwa 53. Mwezi Mei alikimbia 53, 54, 54, 55 na 52, yaani 4:28, na safari hii mzunguko wa mwisho ndio uliokuwa wa kasi kuliko yote.

Katika mbio za nyika saa hii imeniangusha, ingawa sehemu ya lawama ni yangu. Mwezi Machi tuliandaa mbio za kilomita 5 kupita katikati ya mikorosho, kushuka njia ya mchanga na kurudi shuleni, kila kidato kikiwa timu. Tulitumia hesabu wanayoitumia sekondari za Marekani: nafasi za watano wa kwanza wa kila timu hujumlishwa na jumla ndogo ndiyo inayoshinda, hivyo timu isiyoshindika kabisa hupata 15. Wanafunzi 72 walijitokeza. Wa ishirini na tatu na wa ishirini na nne waliingia bega kwa bega, nami nikabonyeza mara moja tu. Kuanzia hapo orodha yote ikateleza, kila mmoja akapewa muda wa aliyekuwa nyuma yake. Aliyeligundua kosa ni yule wa ishirini na nne mwenyewe: “Mwalimu, tumeingia pamoja na mwenzangu, mbona amenizidi sekunde kumi na nane?”

La pili ni la saa. Ilipojaza nyakati 60 iliendelea kuhesabu lakini ikaacha kuhifadhi, na kila nilipobonyeza iliwasha na kuzima alama moja pembeni mwa kioo ambayo sikuielewa hadi mbio zilipokwisha. Wanafunzi 11 wa mwisho, wengi wao wasichana wa kidato cha kwanza, hawakupata muda wowote, nao ndio waliokuwa na hamu kubwa zaidi ya kujua kama wamepunguza chochote tangu mazoezi. Matokeo ya timu yalisalimika kwa sababu kila aliyeingia alipokea kipande cha boksi chenye namba yake ya nafasi. Katika nyika nafasi ndiyo yenye uzito. Mchanga wa huku haufanani na udongo wa Masasi wala wa Newala, na muda wa njia moja hausemi kitu juu ya njia nyingine. Hata kanuni zinalitambua hilo kwa namna yake, kwani muda wa mkono katika mbio zinazotoka nje ya uwanja husogezwa juu hadi sekunde kamili. Kwa mbio za watu wengi, basi, mtu mmoja abonyeze, mwingine aandike, na wa tatu agawe namba.

Kuhusu uimara, kamba ya shingoni ilikatika wiki ya sita na sasa natumia kamba ya kiatu. Skurubu nne za nyuma zimeanza kushika kutu kwa hewa ya chumvi, na nilipobadilisha betri mwezi Aprili skurubu moja ilikataa kabisa kufunguka hadi fundi saa alipoisaidia kwa tone la mafuta. Betri yenyewe ni ile ya duara ya CR2032, inapatikana kwa mafundi saa wengi mjini. Kioo kinasomeka vizuri juani, lakini hakina taa, na mwezi Juni jua la huku linazama mapema baada ya saa 12 jioni, hivyo mazoezi ya wanaotoka masomo ya ziada hukatishwa na giza kabla ya uchovu. Mvua ya Januari iliinyeshea mara mbili, nayo haikudhurika.

Kwa shule yenye mwalimu mmoja wa michezo na kundi la wakimbiaji 20 au 30, naipendekeza bila kusita, mradi mnunuzi ajaribu vitufe vyote vitatu pale pale dukani na aulize kumbukumbu inahifadhi nyakati ngapi, maana ipo inayofanana nayo kwa sura ambayo huhifadhi 10 tu na huuzwa kwa tofauti ya elfu tano. Kwa anayesimamia mashindano ya kata au wilaya, moja haitoshi. Atahitaji tatu kwa mshindi wa kwanza peke yake kabla hajafikiria wa pili. Mimi nimekwisha kununua ya pili. Wiki iliyopita nilirudi dukani kuitafuta ya tatu, nikamkuta yule yule kijana, na bei ya kuanzia sasa ni 50,000.