Jiwe la maji la kunolea, na tone la mafuta ya cherehani

Hasira hii ninayo tangu kabla ya mfungo na haijapoa, kwa hiyo naiandika.

Mimi ni seremala hapa Tanga, kazi yangu milango na makabati. Mbao zangu ni mvule, na mtiki wa Longuza ukipatikana. Aliyezishika mbao hizo anajua zinavyokula patasi. Mvule una mawe ndani, chokaa iliyoganda katikati ya mti, huyaoni mpaka patasi imegonga. Mtiki nao umezaliwa na mchanga mwembamba mwilini. Unanoa asubuhi, adhuhuri unanoa tena. Jiwe langu la mafuta lilinichosha, nikajibana miezi kadhaa nikanunua jiwe la maji la Kijapani, la kunolea kwa maji badala ya mafuta, la pande mbili: 1000, upande wa kukata, na 6000, upande laini wa kumalizia.

Duka liko Ngamiani, silitaji. Kijana wa kaunta hakunipa hata shikamoo, na mvi zangu hizi, Tanga hii! Nikanyamaza. Nikalipa, risiti mkononi, nikamwomba alitoe kwenye boksi nilitazame kama halina ufa. Akalitoa. Sijanyoosha mkono, akainama akaja na kikopo cha mafuta ya cherehani, akaumiminia upande wa 1000, akachukua patasi ya dukani akaanza kusugua. Eti ananionyesha linavyokata.

Nikapaza sauti: "Kijana, hilo ni jiwe la maji!"

Hakuniangalia. "Jiwe ni jiwe, mzee. Umekuja kununua au umekuja kutufundisha kazi?"

Watu wakacheka. Nikaomba anibadilishie. Akasema nimeshalipa na jiwe limeshatumika, halirudi. Limeshatumika na nani?

Kuna watakaosema tone tu hilo. Jamani, jiwe la maji limefanywa laini makusudi. Ukinoa, chembe zilizochoka zinadondoka, mpya zinatokea chini yake, zinachanganyika na maji linapatikana tope zito kama uji. Tope hilo ndilo linalokata, ndiyo maana halioshwi ovyo katikati ya kazi. Jiwe lenyewe limejaa vitundu na linakunywa maji. Mafuta yakitangulia kuingia, maji hayapati njia, tope halitoki, chuma kinateleza juu kama juu ya kigae. Nililifua kwa sabuni ya unga mara tatu. Nikalisugua kwenye msasa. Nikalizamisha majini robo saa, likatoa mapovu vizuri, ila pale katikati matone yalisimama juu kama kwenye jani la mgomba. Doa la upana wa sarafu, katikati kabisa ya jiwe langu jipya.

Siku ile mngeniuliza ningesema msinunue. Wala jiwe wala kitu kingine chochote dukani pale.

Lakini upande wa 6000 hakuugusa. Baada ya siku chache nikachukua patasi ya nusu inchi, nikainoa kwenye 1000 pembeni mwa lile doa, polepole, mpaka kidole kikasikia ule mkwaruzo mwembamba uliojikunja upande wa pili wa makali. Nikageuza jiwe, maji kidogo, mkono mwepesi. Mgongo wa patasi ukang'aa nikaona bati za banda langu ndani yake. Nikaijaribu kwenye mvule, tena upande wa kichwa, pale nyuzi zilipokatwa, ambapo patasi zangu zote huchana. Haikuchana. Pakabaki palaini kama pamepakwa nta. Nikamwita mama watoto aje aguse. Miaka yote hii ya useremala, sijawahi kupata makali ya namna ile kwa mkono wangu.

Basi jiwe nalisifu, nalisifu sana, ila linataka kuhudumiwa. Linachimbika katikati upesi, na jiwe lililochimbika linakupa patasi yenye makali ya mviringo. Mimi nina kipande cha kioo kinene, nabandika juu yake msasa namba 220, nachora mistari ya penseli jiwe zima, nasugua na maji mpaka mistari yote ifutike. Kisha nalikausha kivulini, si juani. Na ulize kabla ya kulizamisha: yapo ya kunyunyizia maji tu, ukiyalaza kwenye ndoo yanaweza kupasuka.

Na hapo kwenye penseli ndipo hasira inaporudi. Kila nikichora, mistari ya juu ya lile doa ndiyo ya kwanza kufutika, kwa kuwa pale hapachakai sawa na pengine, pamebaki juu kama kinundu. Kila jioni! Kila jioni namwona yule kijana na kikopo chake.

Nilitaka kutoa nyota moja. Jiwe halina kosa, nalipatia nyota tano. Duka silipatii hata moja. Pengine mwenye duka hajui kinachofanyika kaunta, siku ile hakuwepo, na mzee mwenyewe nasikia ni mtu wa watu. Sijui. Jiwe jingine nalihitaji, na sijaliona penginepo mjini. Kesho namtuma mwanafunzi wangu na pesa kamili. Nimemwambia alipe, alibebe, na boksi asikubali lifunguliwe mpaka liwe mbele yangu hapa bandani.