Kozi ya falsafa ya Kigiriki na maandiko ya Wayahudi: Alexandria safi, kwenye Mhubiri imeteleza

Jamani hii kozi ya sauti nimeisikiliza yote mpaka mwisho na naipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja niliyoinyima naeleza huko chini.

Utamu wote uko kwenye masomo ya Alexandria, ule mji wa Misri walikoishi Wayahudi wengi waliotumia Kigiriki. Mwalimu hasemi tu eti Wagiriki waliwaathiri Wayahudi halafu basi, anakupeleka kwenye mistari yenyewe. Anafungua kitabu cha Hekima ya Sulemani 8:7, pale hekima inapofundisha kiasi, busara, haki na ushujaa, kisha anakusomea Plato, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, akizitaja hizo hizo nne, na unaona kabisa huyu mwandishi Myahudi aliyekuwa anaandika kwa Kigiriki falsafa alikuwa anaijua vizuri. Anaendelea na 9:15, mwili unaoharibika unailemea roho, hiyo nayo ni Plato mtupu. Ila nilichokipenda zaidi ni kwamba anaonyesha na walipoachana, maana kwa Plato roho inajinasua kwa kufikiri, huku kwenye Hekima mfalme Sulemani anaomba apewe, yaani hekima ni zawadi ya Mungu na akili peke yake haifiki, halafu nusu ya pili ya kitabu yote inarudi kwa Waisraeli na Misri. Hapo nilisimamisha nikarudia kusikiliza.

Philo, mwanafalsafa Myahudi wa Alexandria, naye kaelezwa vizuri mno. Anasoma Mwanzo sura ya kwanza akimwona Mungu kama msanifu anayeuchora mji mzima akilini kabla jiwe la kwanza halijawekwa, mawazo yanayotoka kwa Plato, na bado ni huyo huyo aliyesafiri hadi Roma kuwatetea Wayahudi wenzake mbele ya Caligula, kaizari wa Roma, baada ya vurugu dhidi ya Wayahudi wa Alexandria mwaka 38 BK. Kwa hiyo wale wanaosema kusoma falsafa kulimpotezea imani yake wasikilize hilo somo kwanza. Makabayo ya nne, kitabu kingine cha Kiyahudi cha Kigiriki, imepitiwa haraka haraka, inatosha.

Sasa kitabu cha Mhubiri. Mwalimu anasema ule ushauri wa 9:7-9, kula mkate wako kwa furaha, nguo ziwe nyeupe, uishi kwa raha na mkeo, umetoka kwa Epicurus, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyefundisha kuhusu raha, na anausema kama jambo lililokwisha amuliwa. Hapana. Kwenye utenzi wa Gilgamesh wa kule Babeli kuna mama muuza pombe anayetoa karibu ushauri huo huo, chakula, nguo safi, mke, na maandishi hayo yametangulia zaidi ya miaka elfu moja kabla Epicurus hajazaliwa mwaka 341 KK. Ungemtegemea mwalimu makini kama huyu angalau aitaje hiyo, kwa sababu msikilizaji mgeni ataondoka akiamini kila wazo zito kwenye Biblia limekopwa Ugiriki na hiyo siyo haki kwa watu wa Mashariki ya kale.

Sauti iko safi, vitini ndio vichache, mistari inatajwa mbio mbio so kaa na kalamu.

Kama Biblia yako ni ya vitabu 66 tafuta kwanza yenye Hekima na Yoshua bin Sira, kozi haikwambii hilo mwanzoni na bila hivyo vitabu masomo matamu kuliko yote utayasikiliza bila kuwa na cha kufungua. Na usianzie somo la Mhubiri, anzia Alexandria.