Tovuti ya mikataba ya UN: kabla hujaamini hotuba, pita hapa kwanza

Kama we ni mtu wa kufuatilia mambo ya dunia, tabianchi, biashara, teknolojia, haya mashirikiano ambayo viongozi wanayatangaza kila wakikutana, basi treaties.un.org, tovuti ya Umoja wa Mataifa (UN) yenye orodha ya mikataba ya kimataifa, usiikose. Bure kabisa, hawakuombi hata kujisajili. Ndo sehemu pekee naiamini mtu akiniambia eti nchi fulani "imekubali" jambo.

Manake kusaini ni kitu kimoja, nchi inaonyesha nia tu, na kuridhia ni kingine, hapo ndo inajifunga kisheria, na watu wengi wanachanganya hapo. Chukua Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kupunguza gesi zinazopasha dunia joto. Marekani ilisaini 1998, picha zikapigwa, lakini ukifungua jedwali lake safu ya kuridhia mbele ya jina la Marekani ni tupu mpaka leo. Hilo jedwali ndo moyo wa huduma yote: jina la nchi, tarehe ya kusaini, tarehe ya kuridhia au kujiunga (yaani kuingia bila kusaini kwanza), basi. Mikataba ya namna hiyo ambayo Katibu Mkuu wa UN ndo mtunzaji wake rasmi ni zaidi ya 560.

Mkataba wa Paris, ule wa tabianchi, uko sura ya 27 ya tovuti, ya mazingira. Ulipitishwa Desemba 2015, ukaanza kazi tarehe 4 Novemba 2016, na hapo unaona safari nzima ya Marekani, imetoka Novemba 2020, imerudi Februari 2021, halafu Januari 2025 ikapeleka tena barua ya kujitoa, kila hatua na tarehe yake, hakuna cha kubishana.

Ila utamu wenyewe uko chini ya jedwali na wengi hawaskroli kufika huko. Mkataba wa Paris hauruhusu nchi kuchagua kipengele cha kufuata na cha kuacha, lakini nchi inaweza kuandika tamko. Soma ya Tuvalu na Nauru, visiwa vidogo kabisa vya Pasifiki. Wanasema tumeingia, sawa, lakini kuingia kwetu hakumaanishi tumeacha haki zetu chini ya sheria ya kimataifa kuhusu wajibu wa nchi kwa madhara ya tabianchi. Mistari michache tu, ila imekaa pale kwa miaka. Halafu Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwenye ombi lililosukumwa na Vanuatu, jirani yao, ikatoa maoni kwamba nchi ikivunja wajibu wake wa tabianchi inaweza kuwajibishwa. Aisee mi nilivyorudi kusoma yale matamko nilisisimka, hawa watu walijua wanachokilinda tangu siku ya kwanza.

Kitu kingine nakipenda ni kuangalia mkataba unavyokua. Ule wa bahari kuu, wa kulinda viumbe wa baharini nje ya mipaka ya nchi, ulipitishwa Juni 2023, ulihitaji nchi 60 ziridhie, zikafika Septemba 2025, na ukishafika hapo unahesabu siku 120 ndo unaanza kazi. Sasa hivi macho yangu yako kwenye mkataba wa uhalifu wa mtandaoni uliofunguliwa kusainiwa Hanoi Oktoba 2025, huo unahitaji 40.

Na kuweka mikataba hadharani hivi sio hisani ya mtu. Kifungu cha 102 cha mkataba ulioanzisha UN kinasema nchi mwanachama ikifunga mkataba lazima usajiliwe na uchapishwe, ukiuficha huwezi kuutumia kama hoja mbele ya chombo chochote cha UN.

Napunguza nyota moja kwa sababu ya lugha. Kiswahili hakimo kwenye lugha sita rasmi za UN, kwa hiyo mtu asiyesoma hizo lugha amefungiwa nje ya ahadi ambazo serikali yake imetoa kwa jina lake, na hilo linaniuma kweli. Hata maelezo mafupi tu kwa Kiswahili ya nini maana ya kusaini, kuridhia na kujiunga yangesaidia sana.

Nyota 4 kati ya 5. Tumia kompyuta kama unayo, yale majedwali ni marefu, na ukiifungua anza na nchi yako.