Beji za sayansi za Scouting America: ipi inamfaa kijana anayetafuta fani?

Scouting America, chama cha skauti cha Marekani kilichojulikana kama Boy Scouts of America hadi Februari 2025, kina beji za ustadi zaidi ya 130, ambazo kijana hupewa akitimiza masharti ya kila moja. Nyingi kati ya hizo zinamtaka kijana ataje kazi tatu za fani husika, kisha achague moja na kuchunguza elimu na uzoefu inayohitaji. Sharti hilo ndilo dhaifu kuliko yote, kwa sababu ni rahisi kunakili aya mtandaoni na kupita. Anayetaka kujua kama fani inamfaa atazame masharti ya kutenda, na hapo beji zinatofautiana sana.

Uhandisi ndiyo ya kuanza nayo. Kijana hukutana na mhandisi, akamuuliza kuhusu kazi yake na masomo yaliyomfikisha hapo. Aulize pia siku ya kawaida huendaje, maana michoro, vikao na hesabu za gharama havionekani kwenye picha za matangazo.

Beji ya Programu hudai lugha tatu tofauti. Upana ni mzuri, kina ni kidogo. Robotiki ina uzito zaidi: kijana husanifu roboti, huijenga, huiandikia programu na kuijaribu, huku akiweka kila hatua kwenye daftari. Wengi huiagiza roboti iende mbele kwa sekunde kadhaa. Betri ikipungua nguvu, roboti haifiki ilipofika jana. Dawa ni kupima mzunguko wa gurudumu au kutumia kihisi, si muda.

Bora kabisa ni Sayansi ya Nyuklia. Miongoni mwa majaribio yake ni chemba ya mawingu, kifaa kinachoonyesha njia za chembe za mionzi: chombo kinachopitisha mwanga, kitambaa kilicholowa alikoholi ya isopropili juu, sahani nyeusi ya chuma chini, na barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa) yenye nyuzi -78 za Selsiasi chini ya sahani. Alikoholi ya asilimia 70 huharibu kazi kwa sababu ina maji mengi. Tafuta ya asilimia 90 au zaidi. Ziba kingo zote, subiri dakika kumi hivi, kisha mulika tochi kutoka ubavuni, si juu. Chembe za alfa huacha mistari mifupi minene, za beta myembamba iliyopindapinda. Glovu nene na hewa ya kutosha ni lazima, na moto usikaribie. Kijana anayeganda hapo kuhesabu mistari ameshajijua.

Epuka madarasa ya siku moja yenye umati wa vijana, ambako karatasi hujazwa kwa pamoja na jaribio hufanywa na mwalimu tu. Mwombe kiongozi wa kundi majina ya washauri waliosajiliwa, yaani watu wazima wanaomwongoza kijana na kuthibitisha masharti ya beji, umchague ambaye ajira yake yenyewe iko kwenye fani hiyo. Kijana asiende kwake peke yake, na masharti yakamilike kabla hajatimiza miaka 18.